Mikono Mingi, Namba Moja

Siku jina la Bernardine lilipopanda juu kabisa kwenye skrini ya ukutani, wenzake walipiga makofi. Alikuwa ameketi katika chumba cha kulia pale ghalani katika mji wa ugenini wa Savage, kibakuli cha sombe, majani ya muhogo, mbele yake, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Hakikufika.

"Maman Bernardine! Wa kwanza ghala zima!" akapaza sauti Ntwali, yule kijana mrefu aliyekuwa akiwaleta kazini kwa gari lake. "Umewapita hata vijana wa zamu ya usiku!"

Kisha Ntwali akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akatazama sakafu.

Aliye juu mngoje chini, ndivyo wasemavyo watu. Bernardine hakuwa na haja ya kungojwa. Alijua mwenyewe atakapoangukia. Majuzi tu jina hilohilo lilikuwa mkiani, limepakwa rangi nyekundu, na kila mtu aliyekuja kuchukua maji alilisoma.

Ghala lile lilikuwa likituma nguo na viatu kila upande wa nchi. Tangu theluji ya kwanza, kila mfanyakazi alivishwa kidude mkononi, kikubwa kama saa ya ukutani iliyokosea mahali, na pete ya plastiki yenye taa kwenye kidole. Kidude kikikutuma rafu fulani, unakwenda. Pete unaielekeza kwenye boksi, inalia ti!, na kidude kinaandika kwamba wewe, mwenye namba yako, umefanya kazi. Kinajua unavyotembea. Kinajua ukisimama kufunga kamba ya kiatu. Jioni skrini inampaka kila mtu rangi yake: kijani ni mzima, njano ni mgonjwa, nyekundu ni wa kuandaliwa sanda. Waliorudia nyekundu waliitwa ofisini na supavaiza Duane, na wengi hawakurudi hata kuchukua vibakuli vyao.

Bernardine alikuwa na magoti mabovu na mume mgonjwa. Papa Sosthène, mume wake, alikuwa na sukari, na insulini yake ililipwa na insurensi ya kazi ya mkewe. Kazi ikienda, insurensi imekwenda. Insurensi ikienda, Papa Sosthène naye yuko njiani. Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

Basi alifanya afanyalo mtu wa kwao akibanwa: alilia kanisani. Jumapili moja, kwenye kikundi cha maombi, alisimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, niombeeni. Mashine inataka kunila. Na Mungu asije akanichanganya na Bernardine mwingine, namba yangu ya kazini ni hii." Akaitaja. Mchungaji akairudia kwa sauti, watu wakanyoosha mikono, na namba ile ikaombewa kwa Kiswahili, kwa Kishi na kwa Kinyarwanda mpaka ikalowa jasho. Hakuna aliyeona ubaya. Kwao lilikuwa ombi, si siri.

Toka Jumapili ile nyekundu ikageuka njano, na njano ikawa kijani. Bernardine alimshukuru Mungu, akadhani magoti yamesikia maombi. Lakini hata muujiza una kimo chake. Njano aliiamini. Kijani aliipokea bila kuuliza, kama mtu anayepokea zawadi gizani. Kuwa wa kwanza ghala zima, hapo ndipo alipoogopa.

*

Duane alikuwa Mzungu mpole mwenye ndevu nyekundu, asiyependa kugombana na mtu. Hata alipokufukuza alikushika bega kwanza. Alimwita Bernardine ofisini pamoja na Ntwali wa kutafsiri, maana Kiingereza cha Bernardine kilikuwa cha dukani na cha hospitali tu.

"Anasema," Ntwali akaanza, akalamba midomo, "anasema ofisi kubwa kule Saint Louis Park wameona kazi yako. Wamefurahi sana. Anasema Alhamisi watu wa kompyuta wanakuja."

"Kufanya nini?"

"Kukuangalia, Maman. Watakufunga mkanda wa kupima hatua. Wanataka kujua unatembeaje, unainamaje, unashikaje boksi. Wakishajua, watachukua mwendo wako waingize kwenye vidude vya watu wote."

"Mwendo wangu mimi?"

"Wako. Asiyekufikia, nyekundu."

Bernardine alitazama mikono yake. Duane, akidhani ni aibu ya mtu aliyesifiwa, alicheka kwa wema, akatoa koti lenye jina la kampuni mgongoni akamvisha. Lilikuwa koti la mwanamume mnene. Mikono yake ilimeza vidole vya Bernardine na pindo likafika chini ya magoti. Duane akainua simu apige picha.

"Anasema ucheke kidogo," Ntwali akanong'ona.

Bernardine akacheka.

*

Jioni ile Ntwali hakumshusha mlangoni na kuondoka kama kawaida. Alipanda naye ngazi mpaka kwenye fleti yao ya Burnsville, na Mukamana akafuata nyuma. Mukamana alikuwa mfungashaji mwenzao na rafiki wa Bernardine tangu kambi ya wakimbizi. Kule walilala hema moja, wakala sufuria moja.

Papa Sosthène alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Kabla hajasalimiwa, Ntwali akapiga magoti kwenye zulia.

"Maman, unisamehe. Ni mimi. Baada ya chakula nilikuwa naweka namba yako kwenye kidude changu, naacha yangu. Kidogo tu. Nilisema, atoke kwenye nyekundu, basi."

Mukamana alikuwa akivua buti zenye theluji. Akaganda, buti moja mkononi.

"Weye? Mais, lakini si ni mimi?"

"Wewe pia?"

"Mimi asubuhi. Kila asubuhi! Mchungaji si alihubiri kwamba ukitoa, mkono wa kushoto usijue wa kuume unafanya nini? Nikanyamaza. Hata bwana yangu sikumwambia."

Wakatazamana. Wakampigia simu Birindwa, mzee wa kikundi cha maombi, aliyefanya kazi upande wa makoti. Birindwa alikohoa, akazunguka, akauliza hali ya hewa, mwishowe akakiri: yeye alikuwa akitoa Ijumaa, kama fungu la kumi. Na mkewe naye, aliyekuwa upande wa mikoba, alisikika nyuma yake akisema, "Kumbe na weye?"

Papa Sosthène akaanza kucheka. Alicheka mpaka miguu ikaanguka kutoka kwenye stuli. "Yaani nimelala na kanisa zima kitandani bila kujua!" Mukamana akacheka, Ntwali akacheka akiwa bado kwenye magoti, na Bernardine mwenyewe akashika mdomo kwa upindo wa kitenge, kicheko na machozi vikitoka mlango mmoja.

Aliyekizima kile kicheko ni Uwase, mjukuu wao, msichana wa sekondari. Alikuwa jikoni na vitabu vyake. Uwase alielewa Kiswahili chote, ila ulimi wake ulijibu kwa Kiingereza. Alisema neno fupi, bila kupandisha sauti.

"Anasemaje?" Papa Sosthène akauliza.

Ntwali aliinuka taratibu. "Anasema sheria inaita hilo udanganyifu. Anasema wakijua, watatufukuza wote, si Koko, bibi yake, peke yake."

Ilikuwa kweli, na walijua. Kabla ya Krismasi kijana mmoja alimpitishia mwenzake kadi ya mlangoni ili asionekane kachelewa. Walitolewa pamoja, makoti ya baridi mikononi, na Duane aliwashika bega wote wawili.

Na ajabu ni kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyowaachia nafasi. Waliotengeneza vidude vile walikuwa wameziba kila tundu la mwizi: hukuweza kuchukua kazi ya mwenzako ukaiandika yako. Lakini kumpa yako, hilo hawakulifikiria. Nani huvunja nyumba ya mtu ili aache unga mezani?

"Alhamisi uwe mgonjwa," Mukamana akasema.

"Watakuja Ijumaa."

"Basi uanguke. Palepale mbele yao."

"Mukamana, kwa magoti haya nikianguka sitaigiza."

"Tuache tu iwe," Ntwali akasema. "Si wanataka wa kwanza? Tumpe tena Alhamisi."

"Wataniangalia mimi kwa macho, Ntwali. Kidole changu kinalia ti!, wewe utaingia wapi? Na hata wakiamini, ule mwendo ni wa watu watano. Wewe mwenyewe utauweza?"

Mke wa Ntwali alikuwa amejifungua majuzi. Mtoto hata jina hajazoea.

"Sema ukweli," akasema Papa Sosthène. "Mungu hapendi mambo ya kona kona."

"Ukweli wa nani, Papa? Wangu, au wa hawa?"

"Basi sema wako tu. Na mimi usinifikirie."

Bernardine alitazama friji. Ndani yake, karibu na maziwa, chupa ndogo za insulini zilikuwa zimesimama kama watoto wanaongoja kuitwa majina.

"Sasa nimfikirie nani?" akasema.

*

Alhamisi walikuja wawili. Mmoja alikuwa mhandisi, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele fupi, aliyemsalimia kila mtu kwa jina kutoka kwenye kadi ya kifuani. Wa pili alikuwa Mkenya, Kiprop, kijana wa miaka thelathini hivi, suruali ya ofisini na raba nyeupe. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma namba za maghala yote na kuzichora.

"Habari ya asubuhi, Mama," akasema. "Usiogope, sawa? Tunacheki tu."

Mtu akikuambia usiogope kabla hujamwambia unaogopa, ujue naye ameona kitu.

Walimfunga mkanda juu ya sweta. Mhandisi akamsogeza kiuno huku na huku kama fundi anayepima nguo, akasema samahani kila mara. Duane akasimama nyuma akisugua viganja. Wafanyakazi wengine walijifanya wana kazi, lakini ghala zima lilikuwa limepunguza sauti. Ntwali alikuwa mwisho wa rafu, ameshika boksi moja kwa muda mrefu bila kulipeleka popote.

Kidude kikamtuma. Bernardine akaenda. Aliinama, ti!, akainuka. Akaenda tena. Alijaribu kukimbia kidogo. Goti la kushoto likamchoma, akashika rafu. Duane akapiga makofi ya kumtia moyo, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Alipofika rafu ya tatu kidude kilikuwa njano. Aliporudi kilikuwa nyekundu, kinamlilia mkononi mbele ya watu, na hakujua pa kukificha maana lile koti kubwa walikuwa wamemvua.

Mhandisi akamuuliza Duane neno. Duane akapandisha mabega. Uso wake ulikuwa umeanza kufanana na ndevu.

Hapo Kiprop akasema kitu kwa Kiingereza, akamshika Bernardine kiwiko, akampeleka pembeni, nyuma ya rafu za viatu vya watoto. Akamgeuzia kompyuta yake ya mkononi.

"Mama, angalia. Ijumaa, saa ya chai, namba yako ilikuwa hapa kwa viatu. Dakika hiyohiyo ilikuwa kule kwa makoti, mwisho wa ghala. Na kwa mikoba pia. Wewe ni malaika ama?"

Bernardine aliisoma namba yake kwenye skrini, mara tatu.

"Niambie ni kina nani. Wewe hawatakufuta kazi. Nitasema walikutumia."

"Walinitumia?"

"Mama, please." Sauti yake ikashuka. "Mimi ndiye niliyepeleka jina lako kule juu. Niliona namba safi, sikuangalia ndani. Sasa yule bosi wangu anataka jibu, na kama sina jina la mtu mwingine, ni jina langu."

Ndipo Bernardine alipouona ule unyevu juu ya mdomo wa kijana. Kumbe hata wenye kushika kompyuta wanatetemeka. Ile haikumpunguzia hofu, ilimwongezea. Mtu anayeogopa peke yake hukuhurumia, lakini mwoga mwenye kalamu huandika jina la yeyote aliye karibu.

Mbele ya macho yake zilipita zile chupa ndogo. Ukapita uso wa Ntwali juu ya zulia. Jina moja tu, na angeweza kwenda nyumbani na kazi yake.

"Mwanangu," akasema, sauti ikikwaruza, "kwenu, shamba la mjane linalimwa na nani?"

Kiprop akashangaa. "Majirani."

"Jioni nani anahesabu jembe la nani limelima wapi?"

"Hakuna."

"Basi unaniuliza kitu ambacho hata kwenu hakina jibu. Mimi nilikuta shamba limelimwa. Kama ni kufukuza, shamba ni langu. Mnifukuze mimi."

Alishangaa mwenyewe kuyasikia yale maneno.

Kiprop alimtazama, kisha akaitazama kompyuta. Akapangusa mdomo. Kitu kilikuwa kikimjia, kilionekana kwenye macho. Macho ya mtu anayezama aliyeona gogo. Akamwacha pale, akaenda kwa mhandisi, akaanza kusema haraka haraka, mikono ikichora hewani. Bernardine alidaka neno moja tu, likirudi na kurudi: timu. Timu. Mhandisi alikunja uso, akauliza, akauliza tena, halafu akaanza kuandika, akitabasamu.

Kiprop alirudi karibu anakimbia.

"Mama, umetuokoa sote! Nimewaambia hamjadanganya, mmevumbua. Namba zenu nyinyi zikiwekwa pamoja ni nzuri kuliko za mtu mmoja mmoja. Wanaipenda sana hiyo. Mashine itabadilishwa. Itahesabu kundi, si mtu."

"Na wengine?"

"Hakuna anayefutwa."

"Hakuna?"

"Leo, hakuna," akasema Kiprop.

*

Jumapili iliyofuata waliimba mpaka viti vikasogea. Bernardine alitoa ushuhuda, na Mukamana akacheza mbele akipeperusha kitambaa. Watu walisema Bwana ameishinda mashine, na kweli ilionekana hivyo: skrini mpya ilipowashwa haikuwa na majina, ila makundi. Kundi lao, walilojiandikisha wenyewe, lilikuwa na watano, yaani Bernardine, Mukamana, Ntwali, Birindwa na mkewe. Siku za kwanza walifanya kazi wakipokezana maboksi na utani, na rangi yao ilikuwa kijani.

Kisha kwenye vidude kikaja kitu kidogo ambacho hakuna aliyekiomba. Kilikuwa mshale, mdogo kama mdudu, ukielekea chini pembeni ya jina la yule anayelivuta kundi nyuma. Duane alieleza kwamba ni wazo la mhandisi, zuri sana: wenzake wajue mara moja nani anahitaji msaada, wamkimbilie.

Mshale ulikuwa kwa Bernardine asubuhi. Ulikuwa kwa Bernardine mchana. Wenzake walimkimbilia, kweli, lakini kila aliyemkimbilia aliacha rafu yake, na kundi zima likashuka njano. Kumwandikia kazi kwa siri haikuwezekana tena. Lile tundu walikuwa wameliziba. Kutoa kwa siri kulikuwa kumekwisha. Sasa kila mmoja aliona mkononi mwake, saa ile ile, Bernardine anamgharimu nini, na ukiona gharama ya ndugu yako kutwa nzima, jicho linazoea kuitafuta.

Mke wa Birindwa ndiye alikuwa wa kwanza kumfuata Duane aombe kundi jingine. Alirudi akasema alikwenda kuuliza habari ya likizo. Ntwali naye kwenye gari alianza kufungua redio.

Alhamisi moja kundi liliingia nyekundu kabla ya chakula. Bernardine alikuwa ameinama rafu ya chini, boksi limekwama, aliposikia hatua nyuma yake. Alizijua, hatua za Mukamana angezijua hata kaburini. Akageuka amshukuru kabla hajasaidiwa.

Mukamana hakuinama. Alikuwa akikitazama kidude chake.

"Mama Bernardine, harakisha," akasema.

Si kwa ukali. Afadhali ingekuwa kwa ukali. Alisema kwa woga, kama mtoto anayemvuta mama yake kwenye njia yenye askari.

Bernardine alilivuta boksi mpaka kucha ikapasuka.

*

Walimaliza siku ile kijani, kwa tabu. Nyumbani Papa Sosthène alikuwa ameshajichoma sindano yake na anangoja ugali.

"Leo rangi gani?"

"Kijani."

"Mungu ni mkubwa."

"Ni mkubwa, Papa."

Alikuwa amefunga barafu kwenye taulo, ameiweka juu ya goti, simu ilipolia. Mukamana. Rafiki yake akipiga huanza na sukari ya Papa Sosthène, akaja kwa Uwase, akazunguka kwa majirani wote kabla ya kufika alikokuwa akienda. Leo alifika moja kwa moja.

"Kesho unakuja na goti gani?"

Bernardine alilitazama. Lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa.

"Zima," akasema.

"Kweli kabisa? Kwa sababu Birindwa anauliza. Kama bado, anasema bora tujue mapema, yule Duane atuwekee mtu."

"Mwambie ni zima. Limepoa."

"Sawa." Mukamana akashusha sauti. "Usikasirike, dada."

"Nikasirike na nini?"

Simu ikakatika. Papa Sosthène aliuliza ni nani. Bernardine akasema ni Mukamana, anawasalimu. Kisha akaondoa taulo, akainuka, akashika ukuta. Akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi dirishani, na kurudi, na kwenda, kila safari akiongeza mwendo kidogo, meno yameumana. Uwase aliinua kichwa kutoka kwenye vitabu vyake, akauliza kitu, safari hii kwa Kiswahili: "Koko, unafanya nini?"

Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Bernardine akavua viatu, akaendelea.